Maji ni Maji



Kosa ninalotaka kulikiri mbele yenu lina maneno matatu tu: maji ni maji. Niliyatamka kwa simu jioni moja ya mwezi wa Oktoba, nikiwa nimeketi uani hapa Likasi, joto la kungojea mvua za kwanza likiwa limetubana sote. Upande wa pili wa simu alikuwapo mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja mjini Montréal, nchini Kanada. Alikuwa amenunua gari kuukuu ili limfikishe kazini, na siku ile alisimama dukani mbele ya madumu ya maji ya buluu. Aliambiwa kwamba hayo ndiyo hutiwa katika chombo kidogo kilicho chini ya boneti, kisha hurushwa juu ya kioo cha mbele ili vifutio vikisafishe. Fedha zake zilikuwa chache. Akaniuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kununua maji.

Nilicheka. Nikamwambia, “Mwanangu, maji ni maji. Kioo hakijui bei. Tia ya bombani, na fedha hizo zikusaidie kwa chakula.” Naye, kama nilivyomlea, alitii.

Msinione mpumbavu, ndugu zangu. Nilisema nililolijua. Kila mtu aliyesafiri kwa gari kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120, anajua kazi ya maji yale. Wakati wa kiangazi malori yaliyobeba mali ya migodi hutangulia mbele yako, na vumbi lake hulala juu ya kioo hadi jua lenyewe liwe jekundu. Hapo dereva hubonyeza, maji hutoka, vifutio hupita, na njia huonekana tena. Maji hayo tunayachota popote, tukiongeza sabuni kidogo. Baridi nayo hatuigeni: asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu juu ya nyanda tunavaa makoti na kuizunguka mbabula ya makala. Lakini ndoo tuliyoiacha uani usiku tunaikuta asubuhi ingali ndoo ya maji.

Katika mwezi wa Desemba simu ililia saa isiyo ya kawaida. Sauti ya mwanangu ilikuwa ndogo. Asubuhi hiyo alikuwa katika barabara kuu nje ya mji, nyuma ya lori. Kule humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na magurudumu ya lori huirusha nyuma pamoja na tope la theluji. Kioo chake kilipakwa cheupe mara moja. Akabonyeza. Akaisikia pampu ikinguruma, lakini hapakutoka hata tone. Vifutio vikaisambaza chumvi, na kioo kikawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Alifungua dirisha la pembeni, akatoa kichwa nje katika upepo ule, akapunguza mwendo na kujivuta hadi ukingoni mwa barabara.

Nilimwuliza, “Ulikaa muda gani bila kuona?” Akanijibu, “Papa, nilisali Salamu Maria moja. Nilipofika Amina, gari lilikuwa karibu kusimama.”

Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kuisikia namba bila kuipigia hesabu. Usiku ule sikulala. Gari liendalo kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kwa kila sekunde. Salamu Maria isiyoharakishwa huchukua kama sekunde 12. Bila kuhesabu kwamba mwendo ulikuwa ukipungua, hesabu ilinipeleka kwenye mita 300. Mita hizo, hata zikiwa pungufu, mwanangu alikwenda kama kipofu katikati ya malori, kwa sababu baba yake alisema maji ni maji.

Hakunilaumu. Mfanyakazi mwenzake, mzaliwa wa kule, ndiye aliyemfundisha lile ambalo mimi sikulijua. Maji matupu huganda yafikapo digrii 0, na yakiganda hutanuka, takriban sehemu 9 kwa kila 100. Kwa hiyo hayazibi mirija tu. Yanaweza kupasua chombo chenyewe na kuharibu pampu. Yale ya buluu yamechanganywa na alkoholi, ambayo huzuia chembe za maji kushikamana na kuwa barafu hadi baridi iwe kali sana. Kiwango cha baridi yanachokivumilia huandikwa juu ya dumu, na mnunuzi hana budi kukisoma: ya kiangazi hayafai Januari.

Tena haitoshi kuyamimina juu ya maji ya zamani. Gari liliwekwa kwanza katika garaji yenye joto hadi barafu ikayeyuka. Maji ya bombani yakaondolewa. Ya buluu yakatiwa. Kisha mwanangu akaambiwa abonyeze bila kuacha hadi aione rangi ya buluu yenyewe ikitua juu ya kioo. Maana maji yaliyobaki ndani ya mirija na katika vile vitundu vya kurushia ndiyo hutangulia kuganda, hata kama chombo kimejaa dawa njema. Akaonywa pia asirushe maji hayo kabla ya kukipasha kioo joto kutoka ndani, kwa sababu upepo huichukua alkoholi upesi na kuacha maji yagande pale pale mbele ya macho. Wala asimwage maji ya moto juu ya kioo baridi, kisije kikapasuka. Wala asitie yale maji ya kupozea injini, ambayo huacha utando juu ya kioo na ni sumu.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Jirani yangu ana frigo ya kugandishia, anayouzia barafu. Nilimwomba nafasi ya chupa mbili za plastiki: moja niliijaza maji hadi mdomoni, nyingine maji na alkoholi ya duka la dawa, nusu kwa nusu. Umeme ulikatika usiku wa kwanza, tukangoja wa pili. Asubuhi ya Jumamosi nilizipeleka mbele ya vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara. Ya kwanza ilikuwa imevimba na kupasuka ubavuni. Ya pili niliitikisa, ikacheza kama maji ya mto.

Niliwasimulia kisa cha mwanangu, nikaanza kuwaelekeza kwenye fundisho nililokuwa nimeliandaa juu ya kukesha. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida husema kidogo, akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “kule dukani hapakuwa na mtu wa kumwambia anunue?”

Sikuwaambia ukweli siku hiyo. Nilisema, “Tuendelee.” Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Chuoni tulifundishwa kumtoa mwanafunzi katika lile analolijua na kumpeleka katika lile asilolijua. Mimi nilibaki katika ninalolijua mwenyewe, nikalifanya sheria ya mahali ambapo mguu wangu haujakanyaga. Sikumwuliza hata swali moja. Sikuuliza, “Watu wa huko hufanyaje? Usiku kukoje?” Nilijibu kabla ya kusikia.

Kwetu si rahisi baba kumwomba mwanawe radhi. Ilinichukua wiki mbili. Nilipompigia, nilimwambia kwa maneno machache kwamba shauri langu lilikuwa baya na kwamba nilikuwa nimelitoa kwa majivuno. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kusema, na alisema mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Kwamba anafanya kazi ya usiku. Kwamba Jumapili huamka jua limekwisha kuzama, maana katika miezi ile huzama mapema. Kwamba tangu alipofika hajaingia kanisani isipokuwa mara mbili, na kila nilipomwuliza kama anasali, alinijibu ndiyo, kwa sababu alijua jibu ninalolitaka. “Papa,” alisema, “ulikuwa unaniambia niende Misa ya asubuhi kama ya huko kwetu. Sikujua nikuelezeje kwamba asubuhi yangu si asubuhi yako.”

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolielewa lile dumu la buluu. Imani niliyompa mwanangu ilikuwa ya kweli, kama maji ya bomba letu yalivyo maji ya kweli. Ilimtosha Likasi, mahali ambapo jumuiya ndogo ya Kikristo humgongea mtu mlango akikosa kuonekana juma moja, ambapo nyimbo za kwaya hupita juu ya kuta za jirani. Joto hilo ndilo lililoizuia isigande, nami nikadhani ni nguvu ya maji yenyewe. Sikumfundisha jinsi ya kusali peke yake, jinsi ya kutafuta padri katika mji wa wageni, jinsi ya kumwambia mtu kwamba ana upweke.

Tunakisoma mara nyingi kisa cha wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa, na wote kumi walisinzia. Tofauti ilikuwa katika kitu kisichoonekana kwa nje, yaani chombo cha mafuta ya akiba, na tofauti hiyo haikujulikana hadi usiku wa manane, saa ambayo hakuna aliyeweza kumkopesha mwenzake. Hivyo ndivyo ilivyo kwa maji ya kioo. Mjini Montréal sheria ya jimbo la Québec humlazimisha kila mwenye gari kufunga magurudumu ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Lakini ndani ya chombo kile kidogo hakuna askari anayechungulia kila asubuhi. Jambo hilo limeachiwa kukesha kwa mtu mwenyewe, na hutengenezwa kabla ya jalidi, siku ambayo bado linaonekana halina haja.

Hata hivyo, Injili haitaji ni nani aliyewashauri wale watano. Mimi sasa nikiisoma, humwona nyuma ya mmoja wao mzee mwenye nia njema, ameketi mlangoni, akimwambia binti yake, “Yaliyomo yanatosha. Mafuta ni mafuta.”

Kwenu wenye watoto katika nchi za baridi, ninawaomba mambo mawili. La kwanza ni la mwili. Waambieni wasitie maji matupu, na wasiyaweke maji yale ya buluu katika chupa ya kinywaji. Mara nyingi, hasa huko Kanada, hutengenezwa kwa methanoli, sumu ambayo ikinywewa hata kidogo hupofusha macho na yaweza kuua. Umoja wa Ulaya umezuia tangu Mei 2019 kuwauzia watu wa kawaida maji ya kioo yenye methanoli ya kiasi cha asilimia 0.6 au zaidi. Kitu kilichotengenezwa ili dereva aone njia kinaweza kumpofusha mtoto wake jikoni.

La pili ni la roho. Kabla ya kutoa shauri, ulizeni, “Huko kukoje?” Kisha nyamazeni, hata kama salio la simu linakwisha.

Mwanangu amepata parokia yenye Misa ya Jumapili jioni. Haendi kila Jumapili. Huniambia anapokwenda, na huniambia anapokosa, nami sipandishi sauti. Kila Oktoba hunitumia picha ya kioo chake kikiwa na rangi ya buluu. Vijana wale nimekwisha kuwaambia nani alitoa shauri, na yule msichana alitikisa kichwa tu, kana kwamba alijua.

Nikisali Rozari sasa, mara moja hujiona ninaharakisha, kama tufanyavyo jioni tukichoka. Ndipo hukumbuka zile mita 300, nikairudia Salamu Maria ile polepole, hadi Amina.