Shimo la kokoto lilivyogeuka bwawa la watoto

Kila jioni mama huyo humwita mwanawe wa miaka tisa, humshika mkono na kumkwaruza kidogo kwa ukucha. Ngozi ikibaki ilivyo, mtoto huenda kula. Ukitokea mstari mweupe, maswali huanza.

“Umeogelea wapi?”

“Sijaogelea, mama. Nimenawa miguu tu.”

“Umenawa miguu mpaka mabegani?”

Mbinu hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi, aliyelea watoto karibu na mto. Mtaa anaoishi yeye, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, hauna mto. Una shimo.

Kwa miaka kadhaa malori yalibeba changarawe na kokoto kutoka hapo kwenda kwenye ujenzi. Wachimbaji walipofika chini sana, maji yakaanza kuchuruzika, wakaweka pampu. Changarawe ilipokwisha waliondoka na pampu yao, maji yakapanda. Masika moja tu ilitosha. Wenyeji wakaanza kupaita ziwani, na Jumapili maharusi wakawa wanakwenda kupiga picha.

Siku moja mtoto alirudi akiwa kimya kuliko kawaida. Hakusubiri kukwaruzwa. Alisema mwenyewe kwamba rafiki yake alisimama ukingoni, changarawe ikaporomoka chini ya miguu yake, akatoweka. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiosha pikipiki alimvuta kwa shati.

“Alipiga kelele?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Hakusema kitu.”

Jibu hilo lilimkosesha usingizi. Watu wengi hudhani anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. Mara nyingi si hivyo, maana anayehangaikia pumzi hana pumzi ya kuita, na dakika chache zinatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Shimo la machimbo lina hatari yake ya ziada. Ufukweni mtoto huingia majini hatua kwa hatua. Shimoni hatua ya kwanza huwa magotini, na ya pili haina chini. Akitaka kurudi, anashika ukingo wa changarawe unaomomonyoka mkononi.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. “Shikamoo mwenyekiti. Lile shimo litatuzikia watoto.” Mkutano ukaitishwa, wazazi wakajaa, na kila mmoja alikuja na dawa yake.

Baba mmoja alitaka shimo lijazwe taka. Magari ya taka yangelipa, mtaa upate fedha, shimo lifukiwe. Wengi walipiga makofi mpaka mzee mmoja, fundi wa visima, aliposimama.

“Wanangu, maji yale hayakuja na mvua peke yake,” alisema. “Ni maji yaleyale ya visima vyenu. Changarawe haizuii maji, inayapitisha. Mkitupa taka mle, mtazinywa.”

Makofi yakanyamaza. Mwingine alipendekeza uzio wa miiba. Kina mama walicheka, kwa kuwa wanawajua watoto wao. Wa tatu alitaka lifugwe samaki. Muuguzi wa zahanati akakumbusha kwamba maji yaliyotulia yenye majani ukingoni huvutia mbu wa malaria na konokono wa kichocho, hivyo hata ziwa la samaki linahitaji mtu wa kulitunza.

Afisa mazingira aliyealikwa alichora ubaoni. Kazi ya kwanza, alisema, ni kuulaza ukingo. Kila maji yakizidi kina kwa mita moja, mteremko uwe umekwenda mita tano au zaidi, ili mtoto atakayeteleza aweze kusimama na kutembea mpaka nje. Baada ya hapo ni njia ya maji ya masika ili yasibomoe kingo, halafu udongo na miti. Uzio huja mwisho, na hauchukui nafasi ya mteremko.

Aliwapa mfano wa Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe huko mwaka 1954 na kuacha eneo kama jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikastahimili chache, ukiwamo mvinje. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, ndipo jongoo walipoletwa. Wakayala, na mabaki yakageuka udongo. Mabwawa ya samaki yakafuata. Leo ni Haller Park, mahali ambapo kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya mwaka 2004, alifanya urafiki na kobe mzee.

“Kwa hiyo inawezekana,” mama alisema.

“Inawezekana,” afisa alijibu, “ila ni rahisi zaidi anayechimba akiwa bado yupo. Mitambo ipo, malori yapo, na ule udongo wa juu wenye rutuba umewekwa pembeni ukisubiri kurudishwa.”

Hapo watu wakatazamana. Udongo wa juu ulikuwa wa kwanza kuuzwa. Baadhi yao ndio walioununua kwa ajili ya bustani zao.

Kwa sasa mtaa umekubaliana mambo machache: taka ni marufuku, upande unaotumiwa na watoto utalazwa kwanza, na kamba ndefu yenye dumu tupu imefungwa kwenye mti ili mwokoaji arushe badala ya kujirusha mwenyewe. Barua imepelekwa halmashauri kuomba mtambo. Upande wa pili wa mtaa shimo jingine limeanza kuchimbwa, na safari hii wazazi wamekwenda mapema kumuuliza mchimbaji ukingo ataulaza lini, udongo ataurudisha wapi, na nani atabaki na ufunguo akiondoka.

Mchimbaji ameahidi kuleta mpango wake kwenye mkutano ujao. Mama ameandika tarehe nyuma ya daftari la mwanawe.

Jioni bado humwita, humshika mkono na kumkwaruza. Juzi mstari mweupe ulitokea. Mtoto akawahi kujitetea: “Mama, ni vumbi la shule.” Mama akaulamba ukucha wake, akaonja chaki, akamwachia mkono.