Chombo Kisicho na Madhara

Foleni ya kuingia Bemelmans Bar hujipanga mapema jioni, na wanaosubiri huwa wamevaa kama wanakwenda kuposa. Baa hiyo imo ndani ya hoteli ya The Carlyle, upande wa mashariki wa Manhattan, mtaa wa 76 unapokutana na Madison Avenue. Mlangoni kijana mwenye suti nyeusi huhesabu watu kwa macho. Wawili wakitoka, wawili wanaingia.

Ndani mna giza la makusudi. Dari imebandikwa dhahabu nyembamba kama karatasi, mezani kuna taa ndogo zenye vivuli vilivyochorwa, na wahudumu huvaa koti jekundu. Kuta nazo zimejaa michoro ya Ludwig Bemelmans, yule aliyetunga vitabu vya watoto vya Madeline: sungura wamekaa kula Central Park, ndovu wanateleza kwenye barafu, wasichana wa shule wamepangwa mstari. Alichora mwaka 1947, na ujira wake haukuwa fedha. Hoteli ilimpa yeye na familia yake mahali pa kuishi bure kwa mwaka mmoja na nusu. Bemelmans alikuwa mhamiaji aliyefika Marekani mwaka 1914 akiwa kijana, akafanya kazi hotelini miaka mingi. Bila shaka alijua thamani ya kitanda cha hoteli kuliko mchoraji yeyote mjini.

Piano kubwa imewekwa katikati ya chumba, meza zimeizunguka. Muziki ukianza, bili huongezewa ada yake. Jioni niliyokwenda mimi, mpigaji alikuwa mzee wa vidole virefu aliyepita kutoka Gershwin hadi Cole Porter bila kusimama. Nilihesabu meza zilizokuwa zikimsikiliza: yangu, na ya bibi mmoja aliyekaa peke yake na glasi ya martini. Wengine walikuwa wakipigana picha na michoro, au wakipaza sauti ili wasikike juu ya piano. Mzee hakuonyesha kuudhika. Kila mazungumzo yalipopanda naye alipunguza mkono, yalipolegea akaongeza. Ni ustadi mkubwa, na sikuupenda. Mtu aliyesomea kazi yake maisha yote anageuzwa kuwa kipoza hewa.

Ukitafuta mahali pa kula au kunywa huku piano ikipigwa, New York haikupi taabu ya kupata. Inakupa taabu ya kuchagua. Cha kuuliza unapopiga simu si kama wana piano, maana hoteli nyingi zinayo na imefungwa kwa ufunguo, juu yake wameweka maua. Uliza nani anapiga leo na anaanza saa ngapi. Ukifika mapema, kaa upande wa kushoto wa mpigaji, ambako mikono yake inaonekana. Mengine utajifunza huko huko.

Lakini kwa nini piano? Mji huu una wapiga tarumbeta na wapiga ngoma wa kutosha kujaza kila kona. Nilidhani ni suala la ustaarabu, watu wa migahawa kupenda sauti laini wakati wa chakula. Kumbe sehemu kubwa ya jibu iko kwenye sheria.

Mwaka 1926 halmashauri ya jiji ilipitisha sheria ya kabare: baa au mgahawa wowote wenye muziki au watu wanaocheza sharti uwe na leseni maalumu, na kuipata kulikuwa na mlolongo wa masharti. Ulikuwa wakati ambao kumbi za Harlem zilichanganya weusi na weupe katika sakafu moja, na wengi walioichunguza sheria hiyo wanaona shabaha yake ilikuwa hapo. Baadaye ikawekewa msamaha. Mgahawa usio na leseni uliruhusiwa muziki wa kusindikiza chakula, ilimradi wapigaji wasizidi watatu na vyombo vyao viwe piano, ogani, akodiani, gitaa au vingine vya nyuzi. Tarumbeta, saksofoni na ngoma vilikatazwa. Kwa macho ya serikali ya jiji, piano ilikuwa chombo kisicho na madhara.

Watu waliokalia kiti chake hawakuaminiwa hivyo. Kuanzia mwaka 1940 kila mwanamuziki wa kumbi zenye leseni alitakiwa kwenda polisi, achukuliwe alama za vidole, apewe kadi. Ukikamatwa kwa kosa la dawa za kulevya, kadi ilikwenda. Billie Holiday alinyang'anywa yake baada ya kufungwa mwaka 1947. Aliruhusiwa kuimba Carnegie Hall mbele ya maelfu, lakini si katika baa yenye meza kumi. Thelonious Monk, mpiga piano ambaye leo vyuo vinafundisha mitindo yake, aliipoteza mwaka 1951 na hakuipata tena hadi 1957. Miaka sita hiyo piano ilikuwa halali na Monk haramu. Kadi zilifutwa mwaka 1967, ila masharti ya vyombo yakabaki.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa muziki wa watu wawili uliosifika katika mitaa ya chini ya Manhattan: piano na besi kubwa ya kusimama, basi. Baa maarufu kuliko zote za namna hiyo ilikuwa Bradley's, University Place, iliyofunguliwa 1969 na kufungwa 1996. Paul Desmond, mtunzi wa "Take Five", alipofariki mwaka 1977 aliiachia baa hiyo piano yake kwa wasia. Desmond alikuwa mpiga saksofoni, chombo ambacho sheria ilikikataza katika baa zisizo na leseni ya kabare.

Aliyekwenda mahakamani alikuwa Warren Chiasson, mpigaji wa vibrafoni. Kesi yake ikavunja masharti kwa awamu mbili: mwaka 1986 ubaguzi wa vyombo, mwaka 1988 kikomo cha watu watatu. Katazo la kucheza bila leseni lilisubiri hadi 2017. Sheria ya kabare haimzuii tena mwenye mgahawa kuleta bendi nzima. Bado wengi huleta piano peke yake, na sasa sababu ni nafasi na mishahara.

Urithi wa Bradley's nimeukuta Mezzrow, mtaa wa West 10th, mahali ambapo ungepita mlango bila kuuona. Unashuka ngazi, unaingia chumba chembamba kirefu, mwishoni kabisa kuna piano chini ya taa. Kilifunguliwa mwaka 2014 na Spike Wilner, naye mpiga piano, mwenye pia klabu ya Smalls hatua chache kutoka hapo. Amri ya nyumba ni kimya. Unaambiwa mlangoni, na kama husikii utaambiwa tena na jirani yako. Mhudumu aliyekuwa akichanganya vinywaji alisubiri wimbo uishe ndipo avunje barafu. Mwanamama mmoja alikohoa, akageuza uso ukutani kana kwamba ametukana.

Usiku ule walikuwa wawili, piano na besi, sawasawa na enzi za katazo, ingawa katazo lilikwisha kitambo. Mpigaji alianza na wimbo wa zamani ambao kila mtu pale aliufahamu, kisha akauacha. Nilimwona akiutafuta tena kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukikataa, na mpiga besi akicheka bila sauti. Sijui kama ni burudani ya kwenda nayo mtu aliyetoka kazini na njaa. Chakula hakuna cha maana, na miguu hufa ganzi. Ila kama unataka kujua piano inaweza kufanya nini ikiachiwa nafasi, hapo ndipo pa kulipa kiingilio.

Brooklyn niliingia mgahawa wa kawaida, wa supu na kuku, wenye piano ya wima iliyochakaa karibu na mlango wa jikoni. Mpigaji alikuwa dada wa makamo. Alipopumzika kula nikamwomba niangalie vibonye. Vyeupe vilikuwa vimegeuka rangi ya siagi, na kila kimoja kilikuwa na mstari mwembamba palipokutana upande wa mbele na wa nyuma. Dada akasema, bila kuacha kutafuna, kwamba hiyo ni pembe ya ndovu halisi na ndiyo maana vidole havitelezi akitoka jasho. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Bagamoyo.

Hakujua nimemjibu nini, na hakuwa na sababu ya kujua. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapo, katika jimbo la Connecticut, kuna miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton. Kuanzia karne ya 19 viwanda vya huko, kile cha Pratt, Read na kile cha Comstock, Cheney, vilikata pembe nyingi kuliko mahali pengine popote Marekani na kuzigeuza vibonye. Vipande vyembamba vilianikwa juani ndani ya nyumba ndefu za vioo hadi viwe vyeupe. Mwaka 1909 pekee Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 350,000. Pembe nyingi zilitoka kwetu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani kwetu Bagamoyo, wengine wakiwa watumwa waliouzwa pamoja na mzigo wao. Zikavushwa Unguja, zikapakiwa melini. Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sultani aliyetawala Unguja tangu 1833, na ubalozi wao mdogo Unguja ulifunguliwa 1837, kabla ya ule wa Uingereza. Tippu Tip, aliyetajirika kwa pembe hizo, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili. Hatima ya pembe baada ya kuvuka bahari hakuisimulia. Ilikuwa hapa, chini ya vidole vya dada anayekula kuku.

Kwa hiyo kile chombo kisicho na madhara kiliingia kwenye migahawa ya jiji kikiwa kimevaa meno ya ndovu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji. Viwanda vya piano vya Marekani viliacha pembe katika miaka ya 1950, vikahamia plastiki. Mwaka 1989 mataifa yakapiga marufuku biashara yake duniani. Dada alimaliza kuku, akapangusa mikono mara mbili kwa kitambaa chenye maji, akarudi kazini. Aliniambia piano ile haiuzwi na hairekebishwi. Vibonye viwili havina sauti, naye ameshajifunza kuviruka.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote iko Grove Street, namba 59, inaitwa Marie's Crisis. Nayo iko chini ya ardhi. Thomas Paine, mwandishi aliyechochea mapinduzi ya Marekani, alifia nyumba iliyokuwa mahali hapo mwaka 1809, na kibao nje kinaeleza. Nyumba ya pili ni Arthur's Tavern, ambako Charlie Parker alipata kupiga, na ukitembea dakika chache uko mbele ya Stonewall Inn, palipoanza ghasia za mashoga dhidi ya polisi mwaka 1969. Marie's nayo inajulikana kama baa yao, ingawa siku hizi huingia kila mtu mwenye koo.

Koo ndiyo kiingilio cha kweli. Hakuna jukwaa, hakuna maikrofoni, hakuna skrini ya maneno. Piano imezungukwa na watu waliokaa na kusimama hadi mpigaji hana pa kuegemeza kiwiko, na wote wanaimba, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, nyimbo za michezo ya Broadway na hizo tu. Wanagawana sauti bila kuambiana. Mhudumu wa vinywaji anaimba huku anamimina. Ukikaa kimya kama mtu wa Bemelmans utaonekana askari kanzu.

Juu ya piano kuna chombo cha kioo cha kutilia fedha, na hapo nilijisikia nyumbani. Watu wanakwenda mbele wakiimba, noti inayumba mkononi, wanaitia taratibu ili ionekane. Ni kutuza kabisa, kama kwenye taarabu, isipokuwa hapa hakuna anayemrushia mwenzake mafumbo. Ombi la wimbo huandamana na noti. Mpigaji hakatai fedha, ila wimbo aweza kuukataa.

Karibu na saa tano usiku kijana mmoja aliomba wimbo kutoka The Lion King, mchezo unaoonyeshwa Broadway tangu 1997. Chumba kizima kikalipuka kwa Kiswahili, ule wimbo wa kutokuwa na wasiwasi, herufi zikitafunwa, miguu ikigonga sakafu. Nadhani nilikuwa Mswahili pekee mle ndani na niliimba vibaya kuliko wote, maana sikuzijua sehemu za Kiingereza. Jirani yangu, mtu mzima mwenye tai, alipogundua natoka pwani ya Afrika Mashariki alinivuta hadi kwenye piano akapiga kelele kwamba lazima niombe wimbo wa kwetu.

Nikatia dola tano. Nikamwambia mpigaji kuna wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, wa mwaka 1982, "Jambo Bwana", wenye maneno yale yale waliyoyaimba sasa hivi, ila wenyewe umetangulia ule wa filamu ya Disney kwa miaka kumi na mbili. Nikamvumia mwanzo wake. Alisikiliza kwa makini, akajaribu sauti mbili, zikakaa sawa. Halafu akauliza umo kwenye mchezo gani wa Broadway.

Nikasema haumo katika wowote.

Akatikisa kichwa kwa adabu, akaniambia sheria ya nyumba ni sheria, akaanza wimbo wa Broadway, wa Sondheim. Yule mwenye tai alizomea. Wengine walikuwa wameshaingia ubeti wa kwanza.