Ukucha wa Fundi

Utamaduni ukitajwa, aghalabu wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi na methali, tukazisahau kazi za mikono. Ilhali huku Kilimanjaro wahunzi wa Mamba walisifika kwa mikuki na majembe kabla gari lolote halijapanda mlima huu, na chuma walichokifua kilitoka Ugweno, upande wa Upare. Warithi wao leo utawakuta wamelala chini ya magari, migongo juu ya kadibodi. Twapenda kusimulia habari za mmoja wao, tuliyemjua kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa yakivuja.

Gari letu ni Mercedes-Benz ya mwaka 1982. Usukani wake husaidiwa na nguvu ya mafuta, ufundi ulioasisiwa na Mmarekani Francis Davis katika miaka ya 1920, ukaingia katika magari madogo ya kuuzwa mwaka 1951 kwa mkono wa kampuni ya Chrysler. Pampu huzungushwa na mkanda wa injini, nayo husukuma mafuta mekundu hadi kwenye sanduku la usukani, ambalo mafundi wetu huliita stelingi boksi. Sanduku hilo likaanza kudondosha. Gereji moja ilibadilisha sili, ikatuhakikishia kwamba kazi imekwisha. Miezi miwili haikupita, matone yakarudi palepale.

Yafaa tukiri uzembe wetu. Tuliongeza mafuta kila Jumamosi, tukajiona werevu. Hata siku moja, tukishuka kutoka Marangu kwenda Himo pamoja na mpwa wetu wa kidato cha tatu, pampu ikalia kama mbuzi aliyefungwa, na usukani ukawa mzito ghafla katikati ya kona. Magurudumu yalikuwa bado yanatii, kwa maana vyuma vilikuwa vimeshikana vilevile. Kilichotoweka ni ule msaada tu. Tulivuta kwa mikono miwili na bado gurudumu la kushoto likakanyaga ukingo wa mfongo. Mpwa wetu hakusema neno mpaka tulipofika Himo.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa katika kata ya Mawenzi, mjini Moshi, mtu wa makamo aliyeishia darasa la saba. Hakushika spana kwanza. Aliliosha sanduku kwa dizeli, akalikausha, akawasha injini na kungoja, kwa kuwa mafuta hutiririka kwenda chini na humsingizia asiyekosa. Alipokwisha kuona kwamba yanatoka kwenye shafti ya chini, akagonga alama ndogo kwa tindo juu ya shafti na juu ya mkono unaoyavuta magurudumu, ili virudi vilivyokuwa. Mkono ule aliung'oa kwa pula, akikaza taratibu. Tulipotaja nyundo alitutazama kama tuliyetukana.

“Mzee, ndani mna gololi,” alisema. “Nyundo ya nje huzifikia.”

Sanduku lilipofunguliwa mezani, mpwa wetu akauliza mafuta yanajuaje upande wa kusaidia. Fundi akamwambia afikirie mfongo: ukitaka maji yaende kwenye migomba ya kushoto, unaziba kulia na kufungua kushoto, ndani humu mna lango dogo linalogeuzwa na usukani wenyewe. Kijana akabisha kwa adabu. Maji ya mfongo hufuata mteremko, akasema, lakini haya husukuma kila upande kwa nguvu ileile, hata kuelekea juu. Kisha akaitamka kanuni ya Pascal kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Fundi akamwomba aitamke kwa Kiswahili. Alikwama. Wakaijenga wawili hao polepole, mmoja akileta maneno na mwingine akionyesha pistoni, hata fundi akakubali kwamba mfano wake wa mfongo ulikosa pampu.

Sisi tuliokaa ofisini miaka mingi tukiandika na kusahihisha Kiswahili tulinyamaza. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na istilahi nyingi zimetungwa tangu hapo. Lakini fizikia ya sekondari ingali ikifundishwa kwa Kiingereza, na gereji ina Kiswahili chake. Kijana wetu alikuwa amesimama katikati, na hatukuwahi kuliona hilo mpaka siku ile.

Kisha likaja jambo lililoipa insha hii jina lake. Fundi aliipangusa shafti, akapitisha juu yake ukucha wa kidole gumba. Ukucha ulikwama. Akamkabidhi mpwa wetu naye ajaribu, halafu sisi. Palikuwa na mfuo mwembamba kama uzi, mahali mdomo wa sili ulipokaa miaka yote. Kizuizi cha vumbi kilikuwa kimekufa zamani, na udongo wetu mwekundu ukageuka msasa. Sili mpya juu ya mfuo ule haiwezi kuzuia kitu, hata ingekuwa ya dhahabu. Aliisugua shafti kwa msasa laini, akaiweka sili mpya ikiwa imesogea kidogo, mdomo wake ukalie chuma kizima. Nafasi ilikuwepo, nasi twashukuru. Kizuizi kipya cha vumbi hakuacha kukidai.

Juu ya sanduku mna skrubu ya kupunguza mchezo wa usukani. Tulimwomba aikaze. Alikataa: akikaza kupita kiasi, chuma kitakula chuma, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Tuliudhika kidogo, maana mwenye gari hupenda kutiiwa.

Magurudumu ya mbele yakainuliwa kwa jeki, mafuta mapya yakamiminwa, na mpwa wetu akakabidhiwa usukani auzungushe kulia na kushoto, asiushikilie mwisho wake, huku fundi akiangalia povu kwenye kikopo.

“Bado, bado,” aliita. “Hewa ingalimo.” Kijana akazungusha tena mpaka mafuta yakatulia.

Usiku ule tulitandika kadibodi safi chini ya gari. Alfajiri tulimkuta mpwa wetu ameshatutangulia, amechutama uani na tochi, anaipapasa kwa kidole.