Jioni Ndiyo Saa Zake

Mwanachuo mwenzangu, nianze kwa kuungama. Muhula uliopita kikundi chetu kilipata A kwenye zoezi la taka za plastiki. Mimi ndiye niliyesimama mbele. Nikaeleza jinsi mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilivyopigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019, nikaeleza mitaro inavyoziba, wenzangu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye nikaenda likizo nyumbani, Mbagala, na jioni ya kwanza tu nikawasha jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni.

Wala sikufikiri. Ndivyo nilivyofundishwa tangu niko darasa la nne: unachukua kifungashio cha sukari au kipande cha ndoo iliyopasuka, unakiwasha, kinadondosha matone ya moto juu ya mkaa, na muda si mrefu jiko limeshika. Mafuta ya taa ghali, mkaa wa masika una unyevu. Nani ana muda wa kupepea?

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kwenye kigoda pembeni yangu, ananisimulia habari za shule. Akaanza kukohoa, kisha akanyamaza, kifua kinapiga filimbi. Ana pumu. Mama akatoka mbio na ile dawa yake ya kuvuta, akamkalisha barazani.

"Huyu jioni ndiyo saa zake," akasema, kama mtu anayezungumzia mbu.

Jioni ndiyo saa zake. Jamani, si ndiyo saa ya majiko? Uani kwetu tuna wapangaji wanne, majiko manne, na yote yanawashwa vilevile. Moshi wa plastiki una chembechembe ndogo zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mtu mwenye pumu hata moshi kidogo unambana. Hayo nilikuwa nayajua. Niliyaandika kwenye slaidi, juu ya picha ya dampo la Pugu. Picha ya uani kwetu sikuiweka.

Kesho yake nikamwambia mama tuache kuwashia nailoni. Akanitazama.

"Tuwashie nini mwanangu? Madaftari yako?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile darasani. Jibu tulikuwa tunalitupa kila siku: vifuu vya nazi. Tunakuna nazi karibu kila siku, vifuu vinakwenda na taka. Tukaanza kuvianika juu ya bati, tukavivunjavunja, na kweli madaftari yangu ya mwaka wa kwanza yakatumika, karatasi moja chini, vifuu juu, halafu mkaa. Moshi upo, nisidanganye. Lakini hauna ile harufu inayokaba koo, na mdogo wangu sasa anakaa barazani hadi jiko liwe jekundu.

Mengine yalikuwa mepesi. Maganda wanakula kuku wa jirani. Chupa za maji tunazikusanya kwenye kiroba, kijana wa makopo anapita kuzipima. Hela yenyewe ya chumvi tu, ila mama anaipenda kwa sababu haiombi kwa mtu. (Pale chuoni tuna mapipa ya rangi mbalimbali, mazuri kweli, na nimeona kwa macho yangu yote yakimwagwa kwenye gari moja. Kijana wa makopo ametushinda.)

Kilichonishinda ni zile plastiki laini: vipakiti vya sabuni ya unga, vifungashio vya sukari, karatasi za biskuti. Kijana wa makopo hazitaki. Zamani zilikuwa na kazi, ndizo zilizowasha jiko. Sasa zinajaa kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango, zinasubiri toroli la taka, na toroli linataka hela.

"Hizi nazo nizipeleke wapi?" mama aliniuliza siku naondoka. Sikuwa na la kumjibu, nikabeba begi.

Juzi nimempigia simu. Wapangaji wawili wanaomba vifuu kwetu. Wa tatu amesema yeye hana muda wa kuvunja vifuu kama mtoto, na jiko lake liko chini ya dirisha la chumba anacholala mdogo wangu. Mama amehamisha kitanda.