Mkono wa Asiye na Mkono

Jioni moja mjini Wote, Makueni, vifuniko vya soda vilipangwa juu ya ubao wa drafti. Upande mmoja aliketi mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni; upande wa pili babu yake, aliyevuka Mto Athi kutoka Kitui kuja kuwajulia hali. Mchezo wa babu ulijulikana na wote: hulinda safu ya nyuma, humngoja mpinzani akosee. Kijana alijifunzia kwenye programu ya simu. Alishinda mara tatu. Babu akatikisa kichwa: "Mjukuu wangu, unacheza kama simu."

Kauli hiyo ilimchoma kijana. Alitarajia sifa, akaambiwa hana mkono wake. Hata hivyo, usiku alijiuliza: ikiwa simu haina mtindo, babu aliutambuaje?

Wapo wanaodai kwamba mashine imshindayo binadamu haiwezi kuwa na mtindo, kwa kuwa hufuata tu hatua iliyo bora. Hoja hii ina kasoro. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba drafti ya kanuni za Kiingereza, ikichezwa bila kosa na pande zote mbili, huishia sare. Mara nyingi basi hatua kadhaa huilinda sare hiyo kwa usawa. Na penye hiari ndipo uzaliwapo mtindo. Malenga wawili nao hutii mizani 16 na vina vilevile, ilhali msikilizaji huwatofautisha.

Aidha, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ya London ilipewa kanuni za sataranji pekee, ikajifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Mwaka 2017 iliikabili Stockfish, ambayo wakati huo ilipima kete kwa vigezo vilivyowekwa na binadamu. Katika michezo 100, AlphaZero ilishinda 28, ikatoka sare 72. Mabingwa walistaajabia jinsi ilivyotoa kete zake sadaka ili kumbana mpinzani polepole. Malezi tofauti, mkono tofauti.

Kumbe simu ilikuwa na mkono wake. Asiyekuwa nao bado ni kijana. Kulipopambazuka alivipanga vifuniko upya, akamwomba babu amfundishe kungoja.