Kipimo Kinachodumu Kusema Kweli

Mimi ni fundi. Nimezaliwa Kilosa, ufundi wa magari nikausomea chuo cha ufundi stadi cha VETA Mikumi, kisha nikaanza kazi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, pale malori yanapopumzika kabla ya kuikabili safari ya Iringa na mlima Kitonga. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wadogo zangu walioko karakana, kwa sababu kifaa kimoja kidogo kimebadilisha namna ninavyoielewa kazi yangu yote.

Mikumi ndiko nilikojifunza kuiheshimu geji ya upepo. Breki za lori zinategemea hewa iliyoshindiliwa, kama baa 8 hadi 10, na dereva asiyeiangalia geji yake kabla ya kuteremka mlima anachezea roho za watu. Kwangu mimi geji ilikuwa shahidi: ikisema upepo unatosha, unatosha. Ikifa unaitoa, unafunga nyingine, kazi imekwisha.

Nilipohamia Dar es Salaam kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari, nikakutana na baa 200. Mtungi wa gesi umelala nyuma ya gari, na kihisi cha presha ndicho kinachomwambia dereva kilichobaki. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha chuma, kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Gesi ikikisukuma kinabonyea kidogo sana, na nyuzi za metali zilizobandikwa juu yake zinavutika. Zikivutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama presha.

Kilichonigeuza ni haidrojeni. Katika mafunzo ya mafundi wa gesi tulielezwa kwamba mabasi na malori yanayoitumia huihifadhi kwa baa 350, na magari madogo kwa baa 700. Inabidi iwe hivyo: kilo moja ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya dizeli, lakini gesi yenyewe ni nyepesi mno, isiposhindiliwa haitoshi kwenye mtungi. Nilidhani tatizo ni nguvu tu, kwamba ukitaka baa 700 unaongeza unene wa chuma. Kumbe haidrojeni haiishii kusukuma. Inaingia. Molekuli zake zikigusa metali baadhi yake huachana na kuwa atomu, na atomu hizo ndogo mno hupenya ndani ya chuma chenyewe. Chuma kigumu, kile ambacho fundi yeyote angekichagua kwa kujiamini, ndicho mara nyingi kinachodhoofika zaidi: kinapoteza unyumbufu, nyufa zinaanza, na kila mtungi unapojazwa na kutumika nyufa zinasogea.

Kiwambo ni chembamba, kwa hiyo kinaumia mapema. Vihisi vingine vina mafuta ya silikoni nyuma ya kiwambo ili kuipeleka presha kwenye sehemu inayopima. Haidrojeni ikipenya hukusanyika humo, hufanya viputo, na sifuri ya kihisi, yaani kile kinachosomeka pasipo presha, inahama. Hakuna kengele wala moshi. Tarakimu zinaendelea kuonekana kama kawaida, ila si za kweli tena. Kosa la asilimia 2 kwenye baa 700 ni baa 14, zaidi ya upepo wote wa breki za lori nililokuwa nikilitengeneza Mikumi.

Ndipo nikaelewa kwamba kipimo nacho kinaishi ndani ya hatari kinayoipima. Wasanifu wa vihisi hivi huchagua chuma kisichoshika kutu chenye nikeli ya kutosha, hukipaka kiwambo dhahabu kupunguza upenyaji, au huyaacha mafuta kabisa na kuziweka nyuzi za kupimia moja kwa moja kwenye metali. Kisha hukijaza kihisi presha na kuitoa mara maelfu kwa maelfu, kwenye joto na baridi, wakitafuta kitakavyochoka kabla hakijachokea barabarani. Hapa kwetu Tanzania nikeli iko Kabanga, dhahabu iko Geita. Maarifa ya kuziunganisha ndiyo tunayopaswa kuyatafuta.

Tangu hapo sifungi kihisi bila kujua kimetengenezwa kwa metali gani na kwa ajili ya gesi gani. Ninaandika sifuri yake siku ninapokifunga, na gari likirudi naipima tena. Ikiwa imehama, sisubiri kihisi kife. Nauliza ugezi wake, yaani kulinganishwa kwake na kipimo sahihi, ulifanywa lini, na mteja akilalamika kwamba nachelewesha gari lake, namweleza kwa utaratibu hadi aelewe.

Yote hayo yanamhusu fundi wa kawaida. Juni 2019 kituo cha kujazia haidrojeni huko Sandvika, Norwei, kililipuka. Uchunguzi ukakuta boliti za kizibo cha tangi hazikukazwa ipasavyo. Hapakuwa na fumbo la kisayansi. Ilikuwa kazi ya spana.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Mikumi na Kilosa: msisubiri haidrojeni ifike ndipo mjifunze. Gesi asilia ya baa 200 tunayo leo. Kila kihisi mnachokifunga kiwe na daftari lake, sifuri yake na tarehe ya ugezi wake. Na walimu wetu wa ufundi stadi, tunaomba somo la metali na somo la vipimo vifundishwe pamoja, kwa sababu kwenye presha kubwa huwezi kuliamini la pili bila kulijua la kwanza.