Mbwa Aliyekoroma Akiwa Macho

Nilianza kazi kwa daktari wa wanyama Mombasa mwaka 1976, nikiwa kijana wa Mji wa Kale ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumgusa mbwa. Kazi yenyewe ilikuwa kumshika mnyama asimng'ate daktari, kuchemsha mabomba ya sindano ya kioo na kufagia manyoya. Mamangu hakupendezwa. Alikwenda kumwuliza mwalimu wangu wa chuoni, na jibu alilorudi nalo likawa sheria ya nyumba: mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, na nguo za kazi zisivuke kizingiti. Basi nikawa na ndoo yangu ya mchanga nyuma ya kliniki. Daktari, mtu wa bara aliyesomea Kabete, aliwaambia wateja kwamba msaidizi wake ndiye mwenye mikono safi kuliko watu wote wa Kizingo.

Mbwa wakubwa, wale wa kulinda boma, waliletwa na majeraha au homa ya kupe. Wadogo waliletwa kwa sababu ya sauti. Mbwa wa nje akikohoa usiku nani atamsikia? Lakini kijibwa anayelala chini ya kitanda cha bibi, kila pumzi yake inajulikana. Akibadilisha mlio saa nane za usiku, nyumba nzima iko macho.

Tatizo ni kwamba mara nyingi sauti hizo hazikutoka mezani kwetu. Mbwa akifika kliniki hunyamaza kimya, akatutazama kama aliyesingiziwa. Ikabidi mwenyewe auige ule mlio. Nimemwona meneja wa benki, tai shingoni, akinyoosha shingo na kuvuta hewa puani kwa kishindo mbele ya foleni ya wateja. Daktari hakucheka hata mara moja. Humwomba arudie, kisha humwuliza swali ambalo mwanzoni nililiona la kupoteza wakati: "Ni anapovuta pumzi, au anapoitoa?" Baadaye nikaelewa. Kelele ya kuvuta mara nyingi hutoka juu, puani na kooni. Ya kutoa, hasa ikiwa na mluzi, hutoka ndani ya kifua. Kabla hajagusa mnyama alikuwa amekwisha kugawa mwili nusu mbili.

Kisa cha Simba ndicho nilichokisimulia sana ujanani. Simba alikuwa kijibwa chotara wa Tudor, hafiki magotini mwa mtu, na jina hilo alipewa kwa mzaha. Usiku mmoja familia nzima ililetwa na teksi, mbwa amefungwa ndani ya kanga, baba ameshika ncha za kanga kwa mbali. Jirani alikuwa amewaambia ni kichaa cha mbwa. Simba alipowekwa chini alisimama wima, akanyoosha shingo, viwiko vikatoka nje, akaanza kuvuta hewa puani kwa sauti ya kukwaruza, mfululizo, macho yamemtoka. Mtoto wa nyumba ile akalia. Mama akasema amekwamwa na mfupa, na akainama ili amtie kidole kinywani.

Daktari alimkamata mkono. Aliuliza kwanza cheti cha chanjo. Kwa hili hakuwa na simile na mtu, na mimi pia alinifunza hivyo: mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana vilevile kama aliyekwamwa na mfupa, taya limelegea, mate yanamdondoka, hawezi kumeza, na anayeponzwa mara nyingi ni yule mwenye huruma anayetaka kumsaidia. Cheti kilikuwapo, cha mwaka uleule. Ndipo alipomsugua Simba kooni taratibu na kumziba matundu ya pua kwa sekunde moja. Mbwa akameza mate, akapiga chafya ya kawaida, akatikisa mkia. Shughuli yote haikufika dakika.

Ile ilikuwa chafya ya kinyume. Badala ya hewa kutoka kwa nguvu, koo hubanwa na hewa huvutwa ndani kwa nguvu. Vumbi, manukato, furaha ya kumwona mgeni, au moshi wa dawa ya mbu, ambao usiku ule ulikuwa ukifuka chumbani mwao, vyote vyaweza kuiamsha. Kwa kuiangalia inatisha kuliko maradhi mengi yanayoua. Daktari aliwaambia ikija mara moja moja na mbwa akabaki na furaha yake waiache ipite. Ikizidi kujirudia, au tundu moja la pua likaanza kutoa damu au usaha, wamlete, kwa kuwa huenda mbegu ya nyasi imeingia mle.

Bibi mmoja wa Kigoa alikuwa na Yorkshire Terrier aliyekohoa kama bata bukini, kavu na kwa sauti kubwa, kila aonapo ukanda wa kutembezwa. Koo la hewa la mbwa limeshikiliwa na pete za gegedu zisizokutana nyuma. Kwa hawa wadogo sana pete hulegea umri ukienda, koo likawa bapa wakati wa kuvuta pumzi. Dawa ya kwanza haikuwa dawa. Daktari alivua ule ukanda wa shingoni, akautia mfukoni mwake na kumtuma bibi kwa fundi viatu amshonee mbwa hatamu ya kifuani. Akamwambia pia apunguze kumlisha biskuti za siagi, maana mafuta ya kifuani huibana pumzi. Hilo la biskuti lilimuudhi. Kikohozi hakikuisha, lakini kilipungua, na mbwa akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Mwenye moyo dhaifu ni habari nyingine. Valvu ya moyo ikishindwa kufunga vizuri, na vijibwa wazee ndio hasa wapatwao na hilo, maji hujaa mapafuni pole pole bila makelele yoyote. Wenyewe husema mbwa amezeeka, hataki kutembea, anapenda kukaa kuliko kulala. Kumbe hakupenda. Akilala chini hapati hewa. Hapo ndipo nilipofundishwa kutumia saa ya mkono: mbwa akiwa usingizini, kifua kupanda na kushuka huhesabiwa pumzi moja, kwa dakika nzima. Pumzi zikizidi 30, ukahesabu tena baadaye ukazikuta vilevile, usingoje kesho. Sikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, lakini kwa saa ile niligundua wagonjwa kadhaa kabla daktari hajatoka ofisini kwake.

Sasa nifike kwa Raja, ambaye kwa ajili yake ndiyo nimekubali kuandika haya.

Raja alikuwa Pekingese wa bwana mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Biashara Street, mkazi wa Nyali. Ni mbwa wa asili ya China. Waliolelewa Ulaya walianza kujulikana huko baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kupora kasri la mfalme karibu na Beijing mwaka 1860, na mmoja wao akapelekwa kwa Malkia Victoria, wakamwita Looty, kwa ule uporaji wenyewe. Daktari alipenda kusimulia hilo. Raja alikoroma akiwa macho. Alikoroma akila, akitembea, akichomwa sindano. Watoto wa dukani walimpenda kwa hilo, na mwenyewe alisema kwa fahari kwamba huhitaji kengele mlangoni ukiwa na Raja. Daktari alimwonyesha zaidi ya mara moja yale matundu ya pua, membamba kama mpasuko wa kisu. Akajibiwa kuwa ndivyo walivyo.

Ilikuwa Machi 1979, mwisho wa kaskazi, siku ambazo Mombasa shati hulowa kabla hujalivaa vizuri. Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mwaka uliofuata; wakati ule magari bado yalivuka juu ya lile la kuelea, na asubuhi foleni ya kuingia kisiwani ilikuwa mateso. Bwana yule alikuwa anamleta Raja kukatwa kucha tu. Gari lilisimama juani. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kutweta, hewa ipite juu ya ulimi na pua zilizolowa iondoke na joto. Hewa ya pwani yenyewe imejaa unyevu, haichukui mengi. Na kwa mbwa mwenye uso uliofinywa, hiyo kidogo inayopita inapitishwa kwa shida: binadamu wamefupisha fuvu kizazi baada ya kizazi, lakini nyama ya kaakaa laini nyuma haikufupika nalo, inaning'inia mbele ya koo. Akitweta zaidi, nyama huvimba. Ikivimba, njia huzidi kuwa finyu. Naye hutweta zaidi.

Alitusimulia mwenyewe, amesimama mlangoni na mbwa mikononi. Raja alikoroma kwa nguvu foleni nzima, kwa nguvu kuliko siku zote, lakini yeye alikwisha kuizoea sauti ile. Walipokaribia kuvuka, mbwa akanyamaza. "Nikafurahi," alisema. "Nikajua amelala."

Daktari alimfunua mdomo. Fizi zilikuwa zambarau. Kipimajoto kilipita 41, na joto la kawaida la mbwa ni 38 na kitu. Nilimmwagia maji ya mfereji mwili mzima huku feni ya mezani ikimpuliza, tumbo, mapaja, kwapa. Mtungi wa oksijeni hatukuwa nao. Kilichonikaa masikioni si kelele. Kifua kilikuwa kinafanya kazi, mbavu zinaingia ndani kabisa, na hakuna sauti iliyotoka, kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kutosha kuifanya. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Mjukuu wangu yuko Nairobi na ana Pug, kama vijana wengi wa siku hizi. Hunitumia sauti na video kwenye simu: "Babu, sikia huyu leo." Mimi sauti naisikiliza kidogo tu. Namwuliza ulimi una rangi gani. Namwuliza kama mbwa analala kwa ubavu au ameketi, viwiko vimepanuka, shingo mbele. Namwuliza kama tumbo linasukuma kila pumzi, kama amezimia hata kidogo baada ya kucheza, kama mlio umebadilika kuliko wa mwezi jana. Siku moja alinitumia video yenye makelele ya kutisha kweli, mbwa akila ugali kwa pupa, nikamwambia ale polepole, mambo yaishe. Siku nyingine video ilikuwa karibu haina sauti. Nilimpigia palepale nikamwambia achukue gari, afungue madirisha, aende kliniki na video asinitumie nyingine mpaka afike. Alinuna, lakini alikwenda, na walimlaza mbwa siku mbili.

Yule bwana wa Biashara Street nilidhani hatarudi. Alirudi kabla mwaka haujaisha, na mtoto mwingine wa Pekingese, matundu ya pua yaleyale. Safari hii hakujibu kuwa ndivyo walivyo. Mbwa alipokomaa kidogo daktari alimlaza, kwa hofu kubwa maana usingizi wa dawa kwa mbwa wa uso huo ni hatari nusu ya ugonjwa, akakata kipande cha nyama kila upande wa pua na kushona. Mimi nilishika tochi. Matundu yakawa matundu.

Wiki chache baadaye bwana yule alikuja dirishani amechoka, macho mekundu. Akalalamika kwamba mbwa amekuwa kimya usiku, na yeye sasa halali, anaamka kila saa kumsikiliza.

"Umehesabu?" daktari akamwuliza.

"Nimehesabu. Pumzi 22."

"Basi lala, Bwana."

Nikaenda kwenye ndoo yangu ya mchanga.